Kupanga bei ya vitu vilivyotumika: tathmini ya rekodi za mauzo za eBay
Anayeuza kamera au simu iliyotumika mtandaoni mara nyingi huanza kwa kutazama wenzake wameandika bei gani, ilhali bei iliyoandikwa ni matumaini ya muuzaji tu, na tangazo linaloonekana leo huenda limekaa miezi bila mnunuzi. Hapo ndipo ninapoisifu eBay, soko lililoanzishwa na Pierre Omidyar nchini Marekani mwaka 1995, kwa kuwa sehemu yake ya kuchuja matokeo humwezesha mtu kuona vitu vilivyokwisha kuuzwa, pamoja na tarehe na bei, kwa takriban siku 90 zilizopita.

Kasoro ipo. Muuzaji anapokubali ofa iliyo chini ya bei yake, orodha huonyesha bei ya awali ikiwa imekatwa kwa mstari bila kutaja kiasi kilicholipwa, hivyo anayesoma kwa haraka atajidanganya. Kwa kitu adimu, kama lenzi ya zamani, ninategemea Terapeak, chombo cha utafiti cha wauzaji kilichomo humo humo, ambacho hufukua mauzo ya hadi miaka mitatu.

Mimi huyaacha mauzo ya juu kabisa na ya chini kabisa, nikalinganisha hali ya kitu, chaja na boksi lake, kisha nikaongeza kidogo, maana mnunuzi ataomba apunguziwe hata ukimpa bei ya kutupa. Mfumo huruhusu pia kuweka kiwango ambacho ofa iliyo chini yake hukataliwa moja kwa moja, jambo linaloniepusha na kujibizana usiku wa manane.