Mwongozo wa drafti: laini safi, maraningi beki wameandikiwa juu juu

Wadau, ule mwongozo wa PDF wa drafti ya NFL 2025 (pale timu za ligi ya futiboli ya Marekani zinapochagua wachezaji kutoka vyuoni) nilioulipia naupa nyota tatu kati ya tano, jina la waliouandika siliweki hapa. Upande wa wachezaji wa laini, wale wazuiaji wa mbele, wako vizuri aisee, unaona kabisa kuna mtu kakaa na video akazirudia rudia. Kwa maraningi beki, wale wanaokimbia na mpira, sasa ndo kuna kasheshe, hasa Ashton Jeanty wa chuo cha Boise State, na huyo ndo kila mtu alikuwa anabishana kuhusu yeye kabla timu ya Raiders haijambeba kwa chaguo namba 6.

Sehemu ya udhaifu wameandika mfupi, kabebeshwa mpira sana, mikono ya wasiwasi, timu alizokutana nazo dhaifu, basi, wakahamia kwa mwingine. Futi 5 inchi 8 na nusu kwa raningi beki mwenye paundi 211 ni udhaifu gani jamani? Barry Sanders, raningi beki nguli wa zamani, naye alikuwa mfupi hivyo hivyo na rekodi yake ya chuo ya kukimbia yadi 2,628 kwa msimu ya 1988 ndo hiyo Jeanty aliikosa kwa yadi 27 tu. Kubebeshwa siwapingi, mara 374 msimu mmoja si mchezo, miguu inalipa hiyo. Mikono hapana, 2023 alidaka yadi 569, zikashuka mpaka 138 mwaka uliofuata kwa sababu timu iliamua akimbie tu, huwezi kuandika namba ya mwaka mmoja ukaificha ya mwingine. Halafu wamebandika ile mechi dhidi ya Penn State, mbio 30 yadi 104, ila Oregon aliowapiga yadi 192 na tachidauni (mabao) tatu hawapo popote, yaani mtu kachagua ushahidi wake kabisa.

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni blitzi, pale wapinzani wanapotuma watu wa ziada kumvamia kwotabeki, yule mrusha pasi. Kwenye ligi ukishindwa kumlinda kwotabeki, dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) unakaa benchi hata uwe na miguu ya swala, na kwa ruki, mchezaji wa mwaka wa kwanza, hapo ndo dakika zinapotea. Lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya laini, akichomoka katikati Jeanty anamuona mapema au anashtuka? Anajipanga mbele yake akamkamata kwa mikono, au anarusha bega tu akiomba Mungu limpate? Kwenye kurasa zake kuna nusu sentensi, "anaweza kuboreka". Nani hawezi kuboreka sasa? Cha ajabu TreVeyon Henderson wa Ohio State kaandikiwa aya nzima ya namna anavyozuia, tena nzuri kweli, kwa hiyo kazi wanaijua, kwa Jeanty waliamua kupitiliza tu.

Majedwali kwenye simu yanakatika upande wa kulia, fungulia kompyuta. Kama timu yako inatafuta takoli au gadi (hao ndo wachezaji wa laini) nunua bila kuwaza, ila kama ni raningi beki fungua video za mechi mwenyewe uangalie dauni za tatu.