Boksi la kuunganisha PLC za zamani na kompyuta: nimekaa nalo msimu mzima wa alizeti

Mbukwenyi wakuu. Naandika hii kwa mafundi wenzangu mnaohangaika na mitambo ya zamani, maana mimi nilivyotafuta maoni ya mtu wa huku kwetu sikupata hata moja, yote ya Wazungu ambao kipuri wanaletewa mlangoni kesho yake.

Kiwanda chetu ni cha kukamua alizeti, kipo huku Dodoma, barabara ya Singida. Mtambo ulinunuliwa mtumba ukaja na PLC tatu (vile vikompyuta vinavyoendesha mtambo) za Allen-Bradley, SLC 5/04, moja ya boila, moja ya kupasha na kukamua, moja ya matanki, zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa DH+, mtandao wao wa kizamani unaopita kwenye ule waya mnene wa bluu. Hazijawahi kutusumbua. Anayesumbua ni bosi, alienda kwa mwenzake akakuta skrini kubwa ofisini inaonyesha joto la boila na mafuta yaliyopo tankini, akarudi anataka na yeye. Sasa kompyuta za siku hizi zina tundu la Etheneti, na 5/04 haina tundu hilo, ina DH+ na ka tundu ka siriali basi, hapo ndo shughuli ilipoanzia.

Kuna kampuni ilikuja na gari zuri, wakakagua kama dakika ishirini wakasema toa zote tatu, weka mpya, programu iandikwe upya. Nilivyoona ile bei nikamwambia bosi hiyo hela tukanunulie alizeti.

Nikaanza na njia ya kimaskini, kebo ya siriali kwenye 5/04 ya boila kwa DF1, lugha inayotumia kwenye tundu la siriali. Ile inakubali, na 5/04 ina uwezo wa kupitisha mazungumzo kutoka DF1 kwenda kwa wenzake walioko DH+, ila adapta ya USB niliyonunua ilikuwa feki, Windows ikigoma inagoma kweli, na ikikubali namba ya COM (ile kompyuta inayoipa adapta) inabadilika ukihamisha tundu. Kama una PLC moja tu tafuta adapta ya maana uishie hapo, usisome zaidi.

Mimi nina tatu, nikaagiza boksi. Jina sitaji. Ukubwa wake kama redio ndogo, upande mmoja skrubu tatu za DH+ upande mwingine Etheneti, kwa programu ya SCADA (ile ya kuonyesha mtambo kwenye skrini ya kompyuta) linajifanya ni PLC yenye Etheneti kwahiyo ukiisoma N7:0, yaani kisanduku kimoja cha namba kwenye kumbukumbu ya PLC, linaenda kukuchukulia kule kwenye waya wa bluu na kukurudishia. Lilitoka Dar kwa basi nikalipokea stendi ya Nane Nane, halijapasuka, risiti ipo. Kilichonivutia ni kwamba huigusi programu ya PLC hata mstari mmoja. Mimi mitambo ya mtumba naiogopa, ukifuta kitu hujui ulichofuta.

Siku ya kwanza lilisoma PLC mbili, ya matanki haionekani. Kwenye paneli kuna stika imeandikwa stesheni 10, yaani anwani ya PLC hiyo kwenye DH+, nami nimejaza 10, kimya. Nikabadilisha waya, nikazima nikawasha, nikampigia kijana aliyeniuzia (msikivu, hilo nampa, alipokea simu saa tatu usiku) naye akakwama. Mwisho nikampigia mzee aliyekuwa fundi umeme wetu kabla hajastaafu.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, mtambo unasemaje?"
Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo kumi siyo kumi yako ya sokoni. DH+ inahesabu kwa nane, ikitoka saba inaingia kumi. Humo ndani hakuna nane wala tisa."

Nikajaza 8, tanki likatokea palepale. Kumbe boksi linataka namba ya kawaida na lenyewe linageuza, wakati stika na programu ya PLC zinaandika kwa hesabu ya nane. Karatasi iliyokuja nalo haisemi hilo popote. Nusu siku yangu imeliwa na neno moja ambalo halikuandikwa.

Kilichofuata siyo kosa la boksi ila nakisema kwa sababu wengi mtalilaumu. Data zilikuwa zinakatika, kila dakika chache alama nyekundu. Nikazima PLC zote tatu, nikatoa na waya kwenye boksi, nikapima kwa multimita kati ya ule uzi mweupe wa kuangaza na ule wa bluu. Inatakiwa usome kama omu 75, maana kila mwisho wa laini una rezista ya 150 na zikiwa mbili sambamba ndo zinatoa 75. Mimi nikasoma 150. Ya upande wa matanki hakuna! Kuna mtu aliitoa zamani na PLC zikawa zinavumilia kimya kimya. Nikaenda kwa fundi redio Majengo nikamwambia nipe kahawia, kijani, kahawia, ndo rangi za rezista ya 150, akanipa kwa bei ya karanga. Tangu hapo kimya. Ila angalia, hiyo 150 ni kwa laini ya spidi ya kilobiti 57.6 au 115.2 kwa sekunde, laini yako ikiwa 230.4 ni 82. Na ukiwa pale kagua waya wote, wetu panya walishaanza kuuonja, kiwanda cha alizeti kina panya wenye afya kuliko sisi.

Spidi ni ya kizamani, usitegemee miujiza. Dogo aliyechora skrini aliweka kila namba isomwe mara kumi kwa sekunde, PLC zikaanza kuchelewa kujibizana zenyewe. Tukashusha iwe mara moja kwa sekunde, na badala ya kuchukua namba mojamoja tukapanga zichukuliwe kwa mkupuo, N7:0 mpaka N7:59, mambo yakakaa sawa. Tanki la mafuta halijai kwa sekunde bwana.

Kitu kimoja kinanikera mpaka leo. Ukichomoa waya wa DH+ boksi linaendelea kutoa namba ya mwisho kama dakika nzima ndo linasema limepotea. Yaani boila ipo 170 kwenye skrini wakati huko hakuna anayesoma chochote. Kwa boila hiyo ni hatari. Dawa niliyopata ni kusoma S:4 kwenye kila SLC, ile saa inayozunguka yenyewe ndani ya PLC, nikaiambia SCADA kwamba ikiganda sekunde tano skrini yote iwe ya kijivu. Na usalama wa boila tumeuacha kulekule kwenye PLC na vali zake, hiyo skrini ni ya kutazama tu, hakuna batani ya kuwasha wala kuzima, bosi aliiomba nikakataa.

Kwenye nyota natoa nne. Moja nimeikata, nusu ya ile karatasi na nusu ya namba zilizoganda. Bei siyo ya mchezo lakini haifiki hata robo ya ile ya wenye gari zuri, na msimu mzima tangu mwezi wa sita, vumbi la hapa, umeme kukatika, malori foleni mpaka barabarani, nimeliwasha upya mara mbili tu. Kijana wa Dar mkimpata ana nyota tano zake.

Hizo rezista mkienda kununua chukueni kumi kabisa, zinapotea.