Mapango ya Amboni: uchukue nini, uamini nini

Anayekwenda Amboni kutafuta majini atarudi na kinyongo. Anayekwenda kuona mwamba wa chokaa uliolikwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na mzimu ambao watu wanauendea hadi leo, kiingilio chake kitarudi na faida.

Mapango yako Kiomoni, kilometa 8 hivi kutoka Tanga mjini, upande wa barabara ya Horohoro. Daladala inakushusha njia panda, kisha bodaboda. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabisa, maana kule ndani pikipiki ya kurudia haina uhakika. Ukilipa kiingilio, dai risiti. Mapango ni 10, ila wageni huingizwa katika moja tu, tena pamoja na mwongozaji.

Kinachowaharibia wengi ni miguu na mwanga. Sakafu ina udongo mfinyanzi unaolowana, na juu yake kinyesi cha popo, kwa hiyo kandambili zinateleza kama sabuni. Vaa raba zenye meno. Kila mtu awe na tochi yake, na ya kufunga kichwani ndiyo bora: penye mianya utainama, pengine utambae, na mikono yote miwili itakuwa ukutani. Simu inashika mkono mmoja na chaji inakwisha. Mwenye pumu afikiri mara mbili, hewa ni nzito na harufu ya popo ni kali. Msimu wa masika utelezi unazidi. Januari na Februari ni afadhali.

Muombe mwongozaji asikimbize. Wengi hupita haraka wakikuonyesha mawe yanayofanana na meli, sofa, ramani ya Afrika. Ni mazuri, lakini mkazanie kwenye mzimu. Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Wasegeju wamekuwa wakifika hapa kuomba, hasa wanaotafuta watoto, kwa mzimu uitwao Mabavu. Utaona vitambaa, vyungu, chupa za marashi, majivu ya ubani. Usiguse kitu, usipige picha bila ruhusa, na ukimkuta mtu anaomba, subiri amalize. Hiyo ni ibada ya mtu, haikuwekwa kwa ajili ya watalii.

Masimulizi mengine yachuje. Utaambiwa Wazungu wawili walipotelea humo na mbwa wao akaibukia Kilimanjaro, au kwamba njia inatokea Mombasa. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Kisa cha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi kina mizizi zaidi: miaka ya 1950 walisakwa na polisi wa kikoloni na mapango haya yakawa maficho yao. Serikali iliwaita majambazi. Wapo Tanga wanaowasimulia kama watetezi wa wanyonge. Mwongozaji anayekupa pande zote mbili anastahili bakshishi.

Ukiwahi asubuhi, pitia pia maji ya moto ya Galanos, yenye madini ya kiberiti (salfa), hayako mbali. Magofu ya Tongoni yape siku yake: yako upande wa pili wa jiji, barabara ya Pangani, na makaburi yake ya nguzo, yaliyozunguka msikiti wa kale, hayafai kutazamwa kwa haraka wakati jua linazama.