Kampala ya kutisha kwa bodaboda: Lubiri, Kasubi na kaloli

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza kwa kila aliyesikia nimekwenda ziara hii ya Kampala ya kutisha. Bei ya ziara ilikuwa ya bodaboda, helmeti na kiongozi. Viingilio tulijilipia wenyewe kila mlango, na hilo hawakulisema simuni. Kama una kitambulisho cha nchi ya Afrika Mashariki, kitoe mapema, vinginevyo utahesabiwa pamoja na wazungu. Kampuni yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nina la kulalamikia hapo mbele.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nafanya biashara Kisenyi, hapa Kampala. Nilikwenda na shoga yangu, Mkongomani anayeshona nguo Katwe. Tuliomba kiongozi anayejua Kiswahili, tukaletewa kijana wa Kiganda aliyekiokota gereji, kile Kiswahili cha Kampala kisichojali ngeli lakini hakikwami popote. Mimi aliniita "dada", shoga yangu "nyabo". Muendeshaji mzuri, hakukimbia hata mara moja, na kwa foleni za mji huu hiyo peke yake ni nyota nzima.

Mahali pa kwanza hapakuwa mahali. Alisimama chini ya miti akatuonyesha kaloli. Sisi wakaazi tumewazoea, lakini hebu watazame kama mgeni: ndege anayefika mita moja na nusu kwa kimo, kichwa kipara, mfuko wa nyama unaning'inia shingoni, mabawa akiyakunjua yanapita mita mbili na nusu. Hula taka na mizoga. Miguu yake inaonekana myeupe kwa sababu huinyea mwenyewe ili apoe na joto. Hayo yametosha kabisa kutisha, lakini kijana akaongeza kwamba kaloli hubeba roho za waliouawa zamani. Nimekaa na Waganda miaka, sijamsikia mwingine akisema hivyo. Nikaanza kumtilia shaka.

Halafu Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda kihalali.

Langoni kuna moto, Ekyoto, unaowaka daima na kuzimwa tu Kabaka anapofariki. Jumba la Twekobe unaliona kwa nje. Ukishuka bondeni ndani ya ukuta wa ikulu unafika kwenye shimo la zege lililochimbwa kwenye kilima, ambalo wenyeji husema lilijengwa liwe ghala la silaha. Wakati wa Idi Amin likawa jela ya mateso. Ni ushoroba mmoja mrefu wenye vyumba upande mmoja, wazi bila milango. Anayetutembeza pale alieleza kuwa ushoroba ulijazwa maji yakatiwa umeme, basi mlango wa nini? Kutani kuna alama za viganja na maandishi ya mkaa. Shoga yangu, ambaye ametoka Kivu na ana yake aliyoyaona, hakuingia. Alibaki juani akiongea na simu isiyokuwa na mtu upande wa pili.

Kijana wetu alitaja idadi ya waliofia humo, idadi kubwa sana. Nikamuuliza nani aliwahesabu. Akacheka, akasema wageni hupenda namba. Nilipenda jibu lake kuliko namba.

Na hapa aliacha kuigiza, akaanza kusimulia kama mtu wa Mengo. Tarehe 24 Mei 1966, Obote, kiongozi wa Uganda wakati huo, alituma jeshi kuivamia ikulu hii, na aliyeongoza mashambulizi alikuwa Amin. Kabaka Mutesa II aliruka ukuta, akatoroka hadi London, akafia huko mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, na Lubiri ikabaki mikononi mwa askari. Ndiyo maana jela iko ndani ya ikulu. Nilikuwa nikiisikia kama mambo mawili, ya Kabaka na ya Amin, kumbe ni uwanja mmoja na mtu mmoja.

Kwetu Kagera jina la Amin halihitaji kiongozi wa watalii. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka hadi mto Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wazee wetu wanagawa umri wa watu kwa vita vile: huyu alizaliwa kabla, huyu baada. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Nilipomwambia kijana nimetoka upande ule, aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, tukachelewa kuondoka.

Nakasero tulipita tu. Huko ndiko yalikuwa makao ya State Research Bureau, makachero wa Amin. Usipige picha, ni eneo la serikali. Bat Valley nayo imebakiwa na jina na hadithi za popo, hakuna cha kushukia pikipiki.

Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, ni habari nyingine. Wanawake, vaeni sketi au chukueni leso. Wamezikwa hapo makabaka wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na huyo huyo Mutesa II. Mwili wake ulirudishwa kutoka Uingereza mwaka 1971, na aliyeurudisha ni Amin, akiwa sasa rais. Kijana alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa tukiwa tunavua helmeti, nikahisi baridi ambayo shimo la Lubiri halikunipa.

Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya. UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Ndani, paa lina pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda, na nyuma ya pazia la magome kuna sehemu iitwayo msitu, kwa kuwa Kabaka hafi, huingia msituni. Siku yetu tuliishia uani, na sikuona tumepunjwa. Ukubwa wa lile paa la nyasi unakufanya unong'one bila kuambiwa.

Lalamiko sasa. Walituuzia nyongeza ya jioni, "matembezi ya mizimu". Ilikuwa ni kuzungushwa mitaani gizani na kijana mwingine aliyejificha nyuma ya ukuta ili atushtue. Shoga yangu alimtukana kwa Kilingala, na alistahili. Mtu aliyetoka kusimama Lubiri mchana hahitaji kushtuliwa na mtoto wa watu aliyevaa shuka. Tuliomba nusu ya pesa ya jioni irudishwe, tukaahidiwa, bado tunangoja.

Ziara ya mchana naipa nyota nne, ya jioni haina hata moja. Ukienda, muombe kijana wa Kiswahili, mwambie aache mambo ya roho za kaloli, na Lubiri fikeni asubuhi.