Kopo la pilipili za kubanikwa na supu ya kuku ya Kimeksiko: uzoefu wangu

Mara ya kwanza nilipofungua kopo la chipotle, nilimimina lote kwenye sufuria ya supu. Mtoto wa Unguja mimi, pilipili gani itanitisha? Kopo lenyewe dogo, gramu 199. Mume wangu alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akainuka kwenda kukaanga mayai.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoishi huku Marekani na mnaliona kopo hili kila mkienda dukani, someni kwanza.

Chipotle ni pilipili ya jalapeño ile ile inayouzwa mbichi ya kijani, ila hii imeachwa shambani mpaka ikaiva nyekundu, ndipo ikabanikwa kwa moshi mpaka ikakauka na kujikunja. Jina limetokana na Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, na ndani yake mna pilipili na mna moshi. Kwenye kopo zimeloweshwa kwenye adobo, rojo la tungule, siki, thomu na viungo. Nililonunua mimi lilikuwa na pilipili tisa. Nilizihesabu nilipofungua la pili, baada ya kutiwa adabu.

Aliyenifunza ni jirani yangu hapa Houston, mama wa makamo aliyekulia Mexico City. Supu hiyo kwao ni caldo tlalpeño, kwa jina la Tlalpan, upande wa kusini wa jiji lao. Nilipomsimulia kisa cha kopo zima alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaninyanyulia vidole viwili.

Kuku namchemsha mapaja yenye mifupa, na kitunguu maji na majani ya kotmiri, kama dakika 40. Chumvi kidogo sana, kwa sababu adobo ina chumvi yake. Huku natia tungule tatu, nusu kitunguu na punje za thomu kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, nazigeuza mpaka maganda yapasuke na yafanye madoa meusi. Usiyamenye madoa hayo. Vyote vinaingia kwenye blenda pamoja na pilipili mbili na kijiko kimoja cha rojo lake.

Halafu kuna hatua ambayo mimi ningeiruka kama jirani hakusimama pembeni yangu: rojo hilo la kwenye blenda linakaangwa kwanza kwenye mafuta ya moto. Linaruka, linachafua jiko, funika. Baada ya dakika tano rangi inageuka kutoka wekundu wa tungule kuwa kama ya tofali, na nyumba nzima inanuka kama kuna mtu anabanika samaki uani. Ndipo unalimimina kwenye supu, pamoja na karoti na dengu zilizokwisha kuiva. Kuku unamchambua kwa mkono, unamrudisha. Jirani hutia pia epazote, jani lenye harufu kali. Mimi silitii, linanikumbusha dawa.

Parachichi na ndimu haviingii sufuriani kabisa. Kila mtu anajitilia kwenye bakuli lake, kama tunavyojitilia vikorombwezo kwenye urojo, na hapo nilijiona niko nyumbani.

Kasoro za kopo lenyewe: halina kipete cha kuvutia, lazima uwe na kifungulio, na ukingo wake ulinikata kidole. Halafu hakuna popote palipoandikwa utie ngapi. Na ukishalifungua usiziache humo humo, zihamishie kwenye chupa. Mimi nazigandisha mbili mbili kwenye trei ya barafu, kopo moja linanitosha sufuria nne. Kwa bei ya chini ya dola 3, sioni kitu kingine dukani kinachonipa moshi kama huo bila kuwasha mkaa. Ile pilipili ya unga ya moshi nimeijaribu, inatia rangi tu.

Nyota nne. Ya tano naizuilia kidole changu.