Uzoefu wangu: To Kill a Mockingbird, kusoma kwa mara ya pili

Nilikisoma kitabu hiki, riwaya ya Mmarekani Harper Lee, kwanza nikiwa chuoni, harakaharaka, kwa ajili ya mtihani. Mwaka huu nimekirudia taratibu, sura moja kila jioni, pamoja na binti yangu wa miaka 13. Zamani nilikuwa naikimbilia kesi ya mahakamani iliyomo. Safari hii nilikaa na majirani, na majirani ndio walionikosesha usingizi.

Nakala yangu niliinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba maeneo ya Posta, Dar es Salaam, kwa shilingi 8,000. Jalada limechoka na maandishi ni madogo, lakini sura zote 31 zipo. Kagua kabla ya kulipa, maana ile ya kwanza niliyowahi kuuziwa ilikuwa imenyofolewa kurasa za mahakamani, yaani moyo wa kitabu chenyewe.

Anayesimulia ni Scout, msichana anayekaribia miaka sita hadithi inapoanza. Anaishi Maycomb, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Alabama, Marekani, miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka na wakulima wakimlipa wakili kwa kuni na mboga. Mama yake amefariki. Baba yake, Atticus Finch, ndiye wakili huyo. Kaka yake Jem amemzidi miaka minne. Aliyewalea hasa ni Calpurnia, mpishi wao, mwanamke mweusi, na ndiye aliyemfundisha Scout kuandika. Jina la kitabu linatokana na ndege ambaye kwetu hayupo, ndege wa Amerika anayeiga milio ya ndege wengine. Atticus anawaambia watoto kwamba kumuua ni dhambi, na jirani yao Miss Maudie anawaeleza sababu: ndege huyo haharibu shamba la mtu. Kazi yake ni kuimba tu.

Nusu ya kwanza inakwenda polepole, na wengi huishia hapo. Vumilia. Watoto wanacheza, wanaogopa nyumba ya jirani asiyetoka nje, wanaokota zawadi ndogondogo kwenye tundu la mti. Bila kurasa hizo usingewapenda watu wa Maycomb, na usipowapenda, kinachofuata hakitakuuma.

Tom Robinson, kibarua mweusi, anashtakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa kizungu kutoka familia fukara kuliko zote mjini. Atticus anapewa kazi ya kumtetea, naye anaifanya kweli. Mayella alikuwa na majeraha upande wa kulia wa uso. Baba yake anatumia mkono wa kushoto. Wa kushoto wa Tom umekufa tangu utotoni, ulipovutwa na kinu cha kuchambulia pamba. Nimekulia Shinyanga, karibu na kinu cha pamba, na tulikatazwa kusogelea mashine ile kwa viboko. Niliposoma kwamba Tom ameombwa kuweka mkono huo juu ya Biblia ili aape, ukateleza na kuanguka, nilifunga kitabu kwanza.

Kwa msomaji wa kwetu kuna jambo la kufafanua. Wale watu 12 waliokaa pembeni mahakamani, wanaoitwa “jury”, si kama wazee wa baraza tuliowazoea, ambao hutoa maoni na jaji hafungwi nayo. Kule neno lao ndilo linaloamua hatia. Na wote 12 ni wanaume wazungu.

Sasa sentensi iliyonikaa. Mwendesha mashtaka anamuuliza Tom kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi bila malipo. Tom anajibu kwamba alimwonea huruma. Ukumbi unanyamaza. Binti yangu aliniuliza, “Mama, sasa kosa lake nini?” Nilichukua muda kumjibu. Huruma hutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini. Tom, kwa neno moja la upole, alikuwa amejiweka juu ya msichana wa kizungu, na watu wale waliweza kusamehe uongo wote wa akina Ewell ila si neno hilo. Mwandishi hatoi mhadhara wowote hapo. Anamwacha Dill, rafiki wa watoto hawa, aanze kulia na kutolewa nje, kwa sababu hawezi kuvumilia namna Tom anavyosemeshwa.

Harper Lee aliijua dunia hiyo. Alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama, baba yake akiwa wakili. Dill alimchora kutokana na mtoto wa jirani aliyecheza naye, Truman Capote, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi mkubwa. Harper alipokuwa mdogo, mwaka 1931, vijana tisa weusi walikamatwa kwenye treni ya mizigo katika jimbo hilohilo na kusingiziwa kubaka wasichana wawili wa kizungu. Wanane walihukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Mmoja wa wasichana hao aliikana hadithi yake mahakamani mwaka 1933, na bado Haywood Patterson, mmoja wa vijana wale, akatiwa hatiani tena. Kitabu kilipotoka Julai 1960, shule za serikali za Alabama zilikuwa bado zinawatenga watoto weusi na weupe. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Pulitzer.

Jem ndiye aliyeniumiza zaidi. Yeye alikuwa na uhakika wa kushinda, kwa kuwa alikuwa ameufuata ushahidi kwa akili yake mwenyewe na kuona kwamba mtu huyu hana hatia. Hukumu inaposomwa, anatoka pale akilia. Waliomhukumu Tom si wageni wala majambazi, ni watu wa aina ileile inayowasalimu barabarani na kukaa nao kanisani. Baadaye mwalimu wa Scout anafundisha darasani kwamba Hitler anakosea kuwatesa Wayahudi, na Scout anakumbuka kuwa mwalimu huyohuyo, akitoka mahakamani, alisema ni wakati mwafaka watu weusi wafundishwe adabu. Mtoto anashindwa kuziweka kauli hizo mbili katika kichwa kimoja. Anamuuliza Jem, na Jem anamfokea asimtajie mahakama ile tena, milele.

Lugha ni ngumu. Kiingereza cha kusini mwa Marekani kimeandikwa kama kinavyotamkwa, na tusi la watu weusi limejaa humo, hata vinywani mwa watoto. Nilimweleza binti yangu kabla hatujaanza. Palipotushinda tulisikiliza toleo la sauti lililosomwa na Sissy Spacek, na mazungumzo yakafunguka. Chini ya miaka 12 nisingempa mtoto akisome peke yake.

Ninakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu moja. Kitabu kinalia sana kwa ajili ya watoto wa kizungu wanaogundua kwamba mji wao una dhuluma. Watoto weusi wa Maycomb wamelijua hilo tangu walipoanza kutembea, na hao hatuwasikii. Calpurnia tunamfuata hadi kanisani kwake mara moja tu, ambako wachache sana wanajua kusoma na mwanawe anatamka mstari wa wimbo ili waumini waupokee. Nilitamani kubaki kule.

Ila kuna ukurasa mmoja. Tom amepigwa risasi gerezani akijaribu kutoroka, na Atticus anakwenda kumpa habari mkewe, Helen. Scout hakuwepo, anasimulia alivyosimuliwa na Dill. Watoto wanacheza mbele ya nyumba ya Tom. Binti mdogo mwenye utepe kwenye kila msuko anatokea mlangoni, anamtabasamia mgeni, anataka kumfuata, lakini ngazi zinamshinda. Atticus anavua kofia, anamnyooshea kidole. Mtoto anakishika, anashuka ngazi polepole, kisha anakabidhiwa Calpurnia. Helen anafika, anamkaribisha mgeni kiti, na kabla hajaambiwa lolote anaanguka mavumbini.

Binti yangu aliniuliza yule mtoto anaitwa nani. Nilirudia ukurasa ule mara mbili. Kaka yake ametajwa, Sam. Yeye hakupewa jina.