Safari ya kikundi hadi chini ya Everest: uzoefu wangu na kampuni iliyotupeleka

Nililipia safari ya kikundi nchini Nepal, kutoka Kathmandu hadi kambi ya wapandaji iliyo chini ya Everest, mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, na tathmini hii ni kwa ajili ya yeyote wa kwetu anayefikiria kujiunga na kikundi kama kile. Waongozaji walikuwa hodari kuliko nilivyotarajia, lakini ratiba tuliyouziwa ilibanwa mno, na karibu kila tatizo lililotupata lilitokana na hilo.

Msimu wa watalii wengi unapofika, ndege nyingi za kwenda Lukla, mji mdogo wa milimani ambako safari ya miguu huanzia, huondokea Manthali, wilayani Ramechhap, badala ya Kathmandu. Tuliamshwa usiku wa manane, tukapita barabara ya kona kwa basi dogo hadi alfajiri, kisha tukaambiwa kuwa Lukla kumefunikwa na mawingu. Njia ya kurukia ya uwanja ule ina urefu wa mita 527 tu, imejengwa kwenye mteremko, upande mmoja kuna mlima na upande mwingine bonde, kwa hiyo rubani asipouona kwa macho yake hatui, na hilo silalamikii hata kidogo. Ninacholalamikia ni kwamba kampuni haikuweka siku hata moja ya akiba, na muda tulioupoteza pale ukafidiwa kwa kufuta mapumziko ya Dingboche, kijiji cha njiani kilicho mita 4,410, ambayo ndiyo yangeuzoesha mwili hewa nyepesi.

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala usiku uliotangulia, na upumzike kila baada ya siku tatu au nne. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo aliyetembea vizuri kabisa hadi Tengboche, aliamka Lobuche, kituo cha juu zaidi njiani, akitapika, kichwa kikimuuma kiasi cha kushindwa kufumbua macho. Kiongozi wetu alimbana kipima oksijeni kidoleni, akamwomba atembee hatua chache kwenye mstari wa mbao za sakafu aone kama anayumba, na kabla hata chai haijamiminwa akaamua kwamba mama huyo ateremke na msaidizi hadi Pheriche, kijiji cha chini zaidi ambako shirika la Himalayan Rescue Association lina kituo cha tiba. Wapo waliotaka asubiriwe kidogo aone kama atapata nafuu. Kiongozi alikataa kwa upole na hakurudi nyuma. Jioni tukapata habari kuwa amekula na anacheka.

Raha ya kikundi niliionja hasa nyakati za usiku, tulipokusanyika kulizunguka jiko la bati linalochochewa kwa kinyesi kikavu cha yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, kila mtu na sahani yake ya wali na dengu ambayo wenyeji huiongeza bila kuombwa. Watu ambao Kathmandu hawakusalimiana walikuwa wakigawana soksi kavu na dawa za kikohozi, na tulipouona mlima Ama Dablam ukiwaka rangi ya dhahabu jua likizama, hakuna aliyekumbuka bei ya kuchaji simu, ambayo hupanda kadiri unavyopanda.

Jambo lililonichoma moyo ni wapagazi. Mimi ni mtu wa Moshi, na kwetu mzigo wa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, hupimwa kwenye mizani langoni kabla hajauinua. Kule niliona mifuko miwili mikubwa ya wageni ikifungwa pamoja na kubebwa na kijana mmoja kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, na sikuona mizani popote. Tulichanga fedha tukamkodi mpagazi wa ziada, jambo ambalo kampuni ingepaswa kulifanya tangu mwanzo.

Nilipoiandikia kampuni ilijibu kwa adabu na kumrudishia mama yule sehemu ya fedha zake, lakini ratiba inayouzwa ni ile ile. Anayetaka kwenda Oktoba au Novemba, anga inapokuwa safi, aulize kabla ya kulipa kama kuna siku za akiba, kama mapumziko ya Namche, mji ulio chini ya Dingboche, na ya Dingboche yenyewe yameandikwa kwenye mkataba, kama kuna msaidizi wa kumteremsha mgonjwa bila kuwaacha wengine peke yao, na mpagazi atabeba kilo ngapi. Kiongozi yule ningemfuata tena hata kesho, ila kwa ratiba nyingine.